Tangi la Uani: Samaki na Mimea ya Maji katika Misimu ya Pwani

Ukiweka tangi la samaki sebuleni unanunua taa, unanunua filta, na mambo ya mvua na jua unawaachia wenye mashamba. Ukiliweka uani, jua ni la bure, mimea inastawi bila kubembelezwa na mvua inakujazia maji. Tatizo ni kwamba jua hilohilo, mvua hiyohiyo na upepo unaogeuka mara mbili kwa mwaka ndivyo vinavyoua samaki. Mwongozo huu ni wa mkazi wa Dar es Salaam, Bagamoyo, Tanga, Unguja, Pemba au Mombasa mwenye tangi la kioo, beseni kubwa au kibwawa cha saruji cha lita 200 hadi 1,000, chenye mimea hai na samaki wadogo.

Ielewe siku kabla ya kuuelewa mwaka

Pwani yetu haina baridi ya kugandisha maji. Dar es Salaam joto la mchana hufika nyuzi 32 hivi mwezi Februari, na usiku wa Julai hushuka hadi 18 au 19. Urefu wa mchana kati ya Juni na Desemba hautofautiani hata kwa saa moja. Kwa hiyo mimea yako hailali mwaka mzima, na hatari kubwa inapita ndani ya saa 24.

Sogea karibu na tangi lenye mimea mingi saa tisa alasiri. Vipovu vidogo vimejipanga kwenye kingo za majani, vinaachia kimoja kimoja na kupanda juu. Maji yameshiba oksijeni na mimea bado inatoa nyingine. Wakati huohuo imekwisha kula hewa ya kaboni iliyokuwa majini, na kwa kuwa hewa hiyo huleta uasidi, pH inapanda. Maji yaliyosoma 7 asubuhi yanaweza kusoma 8.5 au hata 9 jioni, hasa yakiwa na madini machache.

Jua likizama mambo yanageuka. Mimea haitengenezi tena oksijeni. Inaivuta pamoja na samaki, konokono na bakteria wanaoozesha uchafu wa chini. Wote wanakula akiba moja, na akiba hiyo huwa ndogo kuliko wakati wowote saa kumi na moja alfajiri. Ndiyo maana mtu anaacha samaki wazima jioni, anaamka na kuwakuta wanaelea.

Joto linaongeza mzigo. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30 yanabeba 7.6 tu, ilhali samaki aliye kwenye maji ya moto anahitaji hewa zaidi. Amonia nayo, inayotoka kwenye matamvua ya samaki na chakula kinachooza, hubadilika ukali kwa kufuata pH. Kwenye pH 7, chini ya asilimia 1 yake ndiyo iliyo katika umbo la sumu. Kwenye pH 9 na nyuzi 30, zaidi ya asilimia 40 ni sumu.

Kila ushauri ulio hapa chini unalenga kitu kimoja: kupunguza tofauti kati ya alasiri na alfajiri. Msimu unakuambia tu tofauti hiyo itasukumwa upande gani.

Mahali pa kuliweka

Upande wa mashariki wa nyumba ndio bora. Tangi linapata jua la asubuhi kwa saa nne au tano, kisha nyumba inalifunika jua kali la mchana na jioni. Mimea mingi ya maji hairidhiki na chini ya hapo, na samaki hawavumilii zaidi.

Upande wa kaskazini ni chaguo la pili, na una faida yake. Dar es Salaam jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Kati ya Oktoba na Machi adhuhuri huwa kusini, na miezi iliyobaki huwa kaskazini. Ukuta wa mita 3 hutupa kivuli cha karibu mita 1 upande wa kaskazini adhuhuri ya Desemba. Ikifika Juni kivuli kimehamia upande wa kusini na kina urefu wa karibu mita 1 na robo tatu. Tangi lililosogezwa karibu na ukuta wa kaskazini linapata kivuli wakati wa joto na jua wakati wa kipupwe. Upande wa kusini ni kinyume chake, na upande wa magharibi uache kabisa.

Angalia pia juu. Chini ya mwembe kuna majani mwaka mzima, na msimu wa maembe ukifika kuna matunda yanayodondoka na kuchachia ndani ya maji. Mwarobaini nao uwe mbali. Mkungu ni afadhali: majani yake yaliyokauka hutoa rangi ya kahawia na asidi kidogo ambayo samaki wengi wanaipenda, na wafugaji wa Ulaya huyanunua kwa pesa. Acha mawili matatu tangini, mengine yaokote.

Kama ni kibwawa cha ardhini, ukingo wake uinuke sentimita 15 hadi 20 juu ya usawa wa ua. Toboa tundu la kupunguzia maji sentimita chache chini ya ukingo na ulifunge kwa wavu wa matundu madogo. Kazi hiyo ifanyike siku ya kujenga; mvua ikianza umeshachelewa.

Udongo, mimea na samaki

Chini weka udongo wa mfinyanzi wa sentimita 3 hadi 5, usio na samadi, kisha uufunike kwa mchanga uliooshwa hadi maji yakatoka meupe. Mchanga wa baharini usiutumie: una chumvi na vipande vya kombe vinavyobadilisha maji bila mpango.

Panda aina tatu za mimea. Ya kwanza ni inayozama, kama valisneria na seratofilamu, ambayo inasafisha maji na kushindana na mwani. Ya pili ni yungiyungi, ndani ya chungu kilichozama, ili majani yake mapana yatie kivuli. Ya tatu ni inayoelea, kama azola ambayo wafuga kuku wanaifahamu. Inayoelea na majani ya yungiyungi kwa pamoja visizidi nusu ya uso wa maji. Vikifunika uso wote, hewa haiingii na mimea ya chini inakosa mwanga.

Magugu maji, hata yakivutia kwa maua yake ya zambarau, usiyaingize nyumbani. Asili yake ni Amerika Kusini, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 yamewasumbua wavuvi na vyombo katika Ziwa Victoria. Kipande kimoja kilichotupwa mtaroni kinatosha kuanzisha balaa. Mimea yoyote unayoipunguza ianike juani ikauke au izike kwenye mboji. Mtoni usipeleke, wala samaki usiowataka usiwaachie huko.

Usiende kuchuma mimea kwenye madimbwi na mitaro. Konokono wa jamii ya Bulinus wanaobeba kichocho cha mkojo wanaishi kwenye maji baridi ya pwani, na ukitumbukiza miguu humo unajiweka hatarini mwenyewe. Nunua au omba kwa mfugaji mwenzako, kisha suuza mimea na uitenge kwenye ndoo kwa wiki mbili ukiondoa konokono na mayai yao.

Kwa samaki, gapi wanatosha kwa anayeanza: wanavumilia joto, wanazaana na wanakula viluwiluwi vya mbu. Perege wanang'oa mimea. Samaki wa dhahabu wanapenda maji ya baridi kuliko ya Februari yetu.

Kaskazi na kiangazi: Desemba hadi Machi

Huu ndio msimu wa jua kali, anga wazi na upepo wa kaskazini-mashariki. Tangi dogo la kioo likiachwa juani linaweza kufika nyuzi 35 au zaidi. Funga neti ya kivuli, ile inayozuia nusu ya mwanga, sentimita 50 au zaidi juu ya maji ili hewa ipite katikati. Barafu usiweke: inashusha joto ghafla, na mshtuko huo unaumiza kuliko joto lenyewe.

Jambo linalosahaulika ni maji yanayoruka. Chukua tangi la urefu wa mita 1.2, upana wa nusu mita na kina cha nusu mita, yaani lita 300. Likipoteza milimita 5 kwa siku, ni lita 3 kila siku. Kwa miezi miwili umeongeza lita 180. Maji yameruka, madini yamebaki. Ukijazia kwa maji ya kisima kirefu, ambayo sehemu nyingi za pwani ni ya chumvi, mwisho wa Februari maji yako ni mazito kuliko mimea inavyoweza kuvumilia, na majani yanaanza kuungua kingo.

Dawa yake ni kutoa kabla ya kuongeza. Kila wiki chota lita 50 hadi 60, mwagilia bustani, kisha jaza. Maji ya bomba yana klorini. Yaache kwenye ndoo wazi siku nzima kabla ya kuyatumia. Jaza jioni, taratibu, ukimimina kutoka juu ili yachanganyike na hewa.

Lisha mara moja tu kwa siku, asubuhi jua likishapanda, kiasi kinachoisha ndani ya dakika mbili. Chakula cha jioni kinaozea usiku, saa ambazo oksijeni ni haba. Mimea ipunguze kila wiki mbili, na fanya hivyo asubuhi ili uchafu utakaotibuka upate mchana mzima wa kutulia. Ukiwa na pampu ya hewa, kazi yake kubwa ni usiku. Waya wake upinde ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda tena, matone yasifuate waya hadi kwenye umeme, na soketi iwe na kikata umeme. Umeme ukikatika usiku, jagi ndilo pampu yako: chota na kumimina kutoka juu kwa dakika kumi.

Masika: Machi hadi Mei

Mvua ya milimita 1 juu ya mita mraba 1 ni lita 1. Tangi letu la mfano lina uso wa mita mraba 0.6, kwa hiyo siku ya milimita 100 inaliingizia lita 60, sehemu moja ya tano ya maji yote, kabla hujahesabu maji ya paa. Maji ya mvua hayana madini. Yanapunguza chumvi ya kiangazi, na hilo ni jema, lakini yanaondoa pia madini yanayozuia pH isiyumbe. Baada ya wiki mbili za mvua mfululizo, pH inaweza kuporomoka usiku na kuruka mchana jua likitokeza.

Kabla ya masika kuanza, fanya mambo manne. Shusha maji kwa sentimita 5 hadi 8. Zibua tundu la kupunguzia. Hakikisha maji ya paa na ya ua hayaingii. Yanabeba vumbi, kinyesi cha ndege, sabuni na dawa za bustani. Kisha ning'iniza ndani ya tangi kifuko cha wavu chenye kiganja kimoja cha magamba ya kombe yaliyooshwa na kuchemshwa. Magamba hayo yanayeyuka kidogo kidogo maji yanapokuwa na asidi na kurudisha madini.

Hatari ya pili ni mawingu. Siku tatu nne bila jua, mimea inatengeneza oksijeni kidogo huku ikiendelea kuvuta usiku. Siku hizo punguza chakula kwa nusu au uache kabisa. Gapi wazima hawafi kwa kukosa chakula siku mbili. Hatari ya tatu ni tope la chini. Mvua kubwa na ya baridi inashuka chini, inayainua maji ya chini yasiyo na hewa pamoja na uozo wake, na tangi zima linanuka ndani ya saa moja. Tope lililonyonywa kwa mpira mwezi Februari haliwezi kukuletea balaa hilo Aprili.

Wageni nao watafika. Vyura watataga kwenye mimea, na kereng'ende watakuja juu ya maji. Watoto wa kereng'ende ni wawindaji wakali wanaojificha chini na kula vitoto vya samaki. Ukiwaona wakati wa kusafisha, watoe. Ukiona punje nyeupe kwenye mapezi ya samaki baada ya siku za baridi, mtenge mgonjwa kwenye beseni lenye maji ya joto la kawaida na pampu ya hewa, na usihamishe vyombo kati ya beseni hilo na tangi.

Mbu ni suala la mtaa mzima. Dar es Salaam ilipata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu anayeieneza anapenda vyombo vidogo vya nyumbani. Tangi lenye gapi linamaliza viluwiluwi. Tazama ndoo za akiba, visahani vya maua, na mikunjo ya neti inayoshika maji. Katika joto letu yai hufikia mbu mzima kwa siku saba hadi kumi, kwa hiyo mwaga vyote mara moja kwa wiki, siku ileile.

Kusi na kipupwe: Juni hadi Septemba

Upepo umegeuka, unavuma kutoka kusini-mashariki, mvua imepungua na maji yametulia kwenye nyuzi 23 hadi 26. Kwa tangi huu ni msimu wa raha. Maji yanabeba hewa nyingi, mwani unapungua kasi na samaki wanazaana bila kuhema.

Kazi zote kubwa zisubiri wakati huu. Toa yungiyungi kwenye chungu, kata mizizi iliyooza, gawanya shina, badilisha udongo. Ng'oa valisneria zilizobanana. Paka upya saruji iliyopasuka au kagua silikoni ya pembe za kioo, maana jua la kiangazi limeichosha. Ondoa neti ya kivuli, kwani jua la Juni linapita kaskazini kwa pembe ya nyuzi 60 hivi na halina ukali wa Machi.

Angalizo ni upepo. Kusi inakausha maji hata siku za baridi, kwa hiyo kutoa na kujaza maji kila wiki kuendelee. Inabeba pia majani na vumbi. Wavu wa mkono mara moja kwa siku unatosha.

Vuli: Oktoba hadi Desemba

Mwanzoni mwa Oktoba jua linarudi utosini, mvua bado haijafika na maji yamejaa virutubisho vya miezi ya nyuma. Hapo ndipo maji yanapogeuka kijani. Kubadilisha maji yote hakusaidii. Mwani unarudi baada ya siku chache ukiwa na chakula kipya. Rudisha neti, ongeza azola hadi pamoja na yungiyungi vifunike karibu nusu ya uso, punguza chakula, badilisha moja ya tano ya maji kila siku ya tatu. Wiki mbili hadi tatu mimea itakuwa imeushinda mwani.

Vuli haiaminiki. Mwaka 2019 na 2023 ilimwaga mafuriko. Mwaka 2022 ilichelewa, Mto Ruvu ukapungua na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgawo wa maji. Kwa hiyo jiandae pande zote mbili: tundu la kupunguzia liwe wazi, na pipa la lita 200 lenye kifuniko liwe limejaa maji yaliyokaa. Mvua ya kwanza usiikinge kwa tangi. Iache ioshe paa na miti, kinga ya pili au ya tatu.

Ukaguzi wa alfajiri

Mara mbili kwa wiki, na kila siku masika ikipamba moto, pita tangini kabla jua halijatoka ukiwa na tochi.

- Samaki wanaogelea katikati ya maji: salama.
- Wamejipanga juu, midomo ikigusa uso wa maji: oksijeni imekwisha. Mimina maji kwa jagi, badilisha robo ya maji, usilishe siku hiyo, na punguza mimea inayoelea.
- Wako juu alfajiri lakini mchana wanachangamka: tangi limeelemewa. Punguza samaki, nyonya tope.
- Wamenyong'onyea alasiri, si alfajiri: pima pH na amonia, ongeza kivuli.
- Maji yananuka yai bovu: tope la chini limetibuka. Badilisha theluthi ya maji na washa hewa usiku kucha.

Daftari dogo lenye tarehe, joto la alfajiri, joto la alasiri na mvua iliyonyesha litakufaa kuliko kifaa chochote cha bei. Baada ya mwaka utajua tangi lako linayumba wiki zipi.

Uanze lini

Watu wengi huanza Desemba, kwa kuwa wana likizo na jua linawavutia. Mimea ambayo haijashika mizizi inakutana na kiangazi, kisha masika inalikuta tangi bado changa, lisilo na bakteria wa kutosha wa kula amonia. Anza Juni. Jaza maji na panda mimea wiki ya kwanza, subiri wiki nne hadi sita, pima amonia hadi isomeke sifuri, ndipo uweke gapi sita. Ikifika Oktoba mimea itakuwa imejaa, na kaskazi ikianza kuvuma utakuwa na tangi lenye nguvu ya kulipokea jua lake.